KOMPYUTA ILIYOKOSA UTULIVU, NA JINSI TULIVYOITULIZA

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanaijua ile kompyuta nyeusi iliyomo katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Wazazi nao wanaijua, maana fedha zilizonunua vipande vyake zilitoka katika mchango wao. Haikununuliwa dukani ikiwa nzima. Sisi wanachama wa Chama cha Kompyuta, pamoja na Mwalimu wetu wa Fizikia, tuliiunda wenyewe kipande kwa kipande, kwa bisibisi moja na subira nyingi. Siku ilipowaka mara ya kwanza tulipiga makofi mpaka Bibi Mkutubi akaja kutunyamazisha.

Walakini kuwaka si kutulia. Muhula uliopita kompyuta hiyo ilituletea aibu, na aibu hiyo ikamwangukia mtu asiyekuwa na kosa. Kwa sababu hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nieleze mambo mawili. La kwanza, mipangilio ya BIOS ni kitu gani, na yapasa kupangwa vipi ili kompyuta ya kuunda itulie. La pili, ni nani hasa aliyeikosesha yetu utulivu. Hilo la pili litakuja mahali pake.

BIOS ni nini?

Mtu abonyezapo swichi ya kompyuta, prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, huamka haijui kitu. Haijui kama ina diski, haijui ina kumbukumbu kiasi gani, wala haijui kibodi iko wapi. Ni kama mgeni aliyeshuka basi usiku katika mji asioujua. Lazima apatikane mwenyeji wa kumpokea, kumwonyesha njia na kumfikisha nyumbani. Mwenyeji huyo ndiye BIOS, nasi hulitamka jina lake bayosi. Ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika kidude kilichomo katika ubao mama, yaani ule ubao mkubwa ambao vipande vyote vingine huchomekwa juu yake. BIOS huvikagua vipande hivyo kimoja kimoja, huvipangia umeme na mwendo wake, kisha huitafuta diski yenye mfumo kama Windows au Linux na kuikabidhi kazi.

Jina hili si la juzi. Bwana Gary Kildall wa Marekani alilitumia katika mfumo wake ulioitwa CP/M miaka ya 1970, na kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ikalieneza. Kompyuta za siku hizi hutumia programu mpya zaidi iitwayo UEFI, ambayo umoja wa makampuni ulioundwa mwaka 2005 ndio unaoisimamia. Lakini watu wamezoea jina la zamani, na mafundi wengi bado husema BIOS. Nami nitasema hivyo hivyo.

Mtu akinunua kompyuta nzima dukani, kiwanda kimekwisha kumpangia kila kitu. Anayeunda mwenyewe hana kiwanda nyuma yake. Yeye ndiye kiwanda. Ubao mama umetoka kwa huyu, prosesa kwa yule, kumbukumbu kwa mwingine, na wote hao hawajapata kukutana. BIOS ndiyo inayowapatanisha, na wewe ndiwe unayeiambia iwapatanishe kwa masharti gani.

Mambo ya kwanza

Ili kuingia katika BIOS, washa kompyuta na ubonyeze kitufe cha Del mara kwa mara, au F2 kwa mbao nyingine, kabla mfumo haujaanza kupakia. Utakuta kurasa zenye maneno na tarakimu nyingi. Usiogope, lakini pia usifanye ujasiri wa kubonyeza kila uonacho.

Kwanza, rudisha mipangilio yote kuwa ile ya kiwandani. Kila BIOS ina mstari wa kazi hiyo. Huenda ubao ulijaribiwa na mtu mwingine kabla haujakufikia, na wewe wataka kuanza safari kutoka mahali panapojulikana.

Pili, weka saa na tarehe. Watu hulidharau jambo hili, kumbe tarehe ikiwa mbovu kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kama kila ukizima na kuchomoa waya saa inarudi nyuma, tazama betri ndogo iliyo kama sarafu juu ya ubao mama. Kwa kawaida huwa imeandikwa CR2032, yaani kipenyo chake ni milimita 20, unene wake milimita 3.2, nayo hutoa volti 3. Ikichoka, saa hupotea, na kwa mbao nyingi mipangilio nayo hupotea pamoja nayo.

Tatu, soma BIOS inaona nini kabla hujabadili chochote. Je, kumbukumbu yote ipo? Ikiwa umeweka vijiti viwili vya gigabaiti 8 na kioo chasema 8 badala ya 16, kijiti kimoja hakikukaa sawasawa. Zima, chomoa waya wa umeme, ukibonyeze tena mpaka vibanio vyake vilie. Je, diski ipo? Je, joto la prosesa ni kiasi gani? Ikiwa limepanda mbio na kompyuta haina kazi yoyote, pengine kipoozeo hakikugusana vema na prosesa, au ulisahau kuondoa plastiki iliyobandikwa chini yake. Msicheke, ndugu zangu, sisi tuliisahau.

Nne, panga ni diski ipi ianze. Wakati wa kuweka mfumo, flashi itangulie. Ukiisha kumaliza, rudisha diski yako iwe ya kwanza, na usiache kila flashi ya mpita njia iweze kuiwasha kompyuta. Na ule mstari unaoeleza namna diski inavyozungumza na ubao, ambao kwa diski za SATA huwa ni AHCI, upange kabla hujaweka mfumo. Ukiubadili baadaye, Windows yaweza kukataa kuwaka.

Hapo kompyuta iko tayari kwa kazi. Laiti tungaliishia hapo.

Mbio za kumbukumbu

Kila kijiti cha kumbukumbu kina kidude kidogo kilichoandikwa hesabu zake. Za kwanza ni hesabu za kawaida, ambazo viwanda vimekubaliana. Kwa kumbukumbu ya aina ya DDR4, hesabu hizo ni volti 1.2, na mwendo kama 2133 au 2400, maana yake mapokezano ya data milioni 2133 au milioni 2400 kwa kila sekunde. Vijiti vingine vina pia hesabu za mbio, ziitwazo XMP, mpango ulioletwa na kampuni ya Intel. Kijiti kilichoandikwa 3200 kwa herufi kubwa juu ya kasha lake mara nyingi hakifiki mwendo huo mpaka XMP iwashwe, na ikiwashwa huomba volti 1.35. Kwa hiyo mtu akiunda kompyuta na kuona BIOS yasema 2400, hudhani ameibiwa dukani. Hakuibiwa. Hajawasha XMP tu.

Kuwasha XMP ni kubonyeza mara moja, na mara nyingi hakuna dhara. Lakini hesabu hizo ziliandikwa na mwenye kiwanda kwa ajili ya vijiti alivyovijaribu pamoja na kuviuza pamoja. Kompyuta yetu ilianza na vijiti viwili vya namna hiyo. Baadaye mzee mmoja aliyesoma shuleni hapa zamani akatupa zawadi ya viwili vingine, vya kiwanda kingine, tukawa na vinne, jumla gigabaiti 32. Kifaa kinachoongoza kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, nacho huona vijiti vinne kuwa mzigo mzito kuliko viwili. Ukichanganya vijiti visivyojuana, kisha ukaviambia vyote vikimbie, huenda vikakimbia dakika kumi na kujikwaa katika dakika ya kumi na moja.

Kosa la kumbukumbu ni baya kwa sababu halipigi kelele. Kompyuta huandika hesabu zote kwa sifuri na moja. Chukua alama 71: kwa tarakimu nane huandikwa 01000111, yaani 64 na 4 na 2 na 1. Tarakimu moja tu, ile ya 64, ikigeuka kutoka moja kuwa sifuri, hubaki 00000111, nayo ni 7. Mwanafunzi aliyepata 71 amepata 7, na hakuna moshi wala mlio. Ikiwa tarakimu iliyogeuka ni sehemu ya programu yenyewe, kompyuta huganda, au huonyesha kioo cha buluu na kujizima. Na ikiwa faili lilikuwa likihifadhiwa wakati huo, laweza kuharibika lisifunguke tena.

Aibu yetu

Sasa nafika kwenye jambo la pili. Muhula uliopita Mwalimu wa Taaluma alikuwa akiingiza alama za Kidato cha Pili katika kompyuta ile. Jioni tatu mfululizo alikaa pale. Jioni ya tatu, baada ya yeye kutoka, mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili akaingia kwa zamu yake kuchapa hadithi ya gazeti hili. Kompyuta ikaganda, akaizima kwa kitufe. Asubuhi faili la alama halikufunguka. Kazi ya jioni tatu ikapotea, na walimu wakalazimika kuiandika upya kutoka kwenye karatasi.

Kila mtu alijua nani wa kulaumu. Yule mdogo alikuwa wa mwisho kuitumia, alikuwa na flashi yake, na ndiye aliyeizima. Akakatazwa kuingia chumba cha kompyuta muhula mzima. Bwenini wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mimi nilikuwa na habari nyingine. Juma mbili kabla ya hapo niliingia katika BIOS peke yangu nikawasha XMP, vijiti vinne vyote vikiwa ndani. Hapakuwa na haja yoyote. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba nayajua mambo, na kwamba kompyuta yetu yaweza kuandikwa 3200. Sikumwambia Mwalimu, sikuandika popote. Kompyuta iliwaka vizuri, nikajiona fundi. Ilipoganda mara ya kwanza nilisema ni joto. Ilipoganda mara ya pili nilisema ni umeme. Na yule mdogo alipoadhibiwa, nilinyamaza siku tisa.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya kumi nilikwenda kwa Mwalimu wa Fizikia, nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinitazama kitambo, akasema, "Hayo bado ni maneno tu. Pengine ni wewe, pengine ni flashi ya yule mtoto, pengine ni umeme. Nenda ukathibitishe."

Jinsi ya kuthibitisha

Hapa ndipo nilipojifunza kanuni iliyo kubwa kuliko zote nilizoandika juu: badili jambo moja tu kwa mara moja, jaribu, andika, ndipo ubadili la pili. Kama ningaliondoa vijiti viwili, nikazima XMP na kuisafisha diski kwa pamoja, kompyuta ingalitulia, lakini hapana mtu angalijua ni lipi lililoiponya, na yule mdogo angalibaki na doa lake.

Tulianza na flashi. Mwalimu aliikagua kwa programu ya kutafuta virusi katika kompyuta nyingine. Haikuwa na kitu. Kisha umeme. Tuliunganisha kompyuta na UPS ili umeme ukiyumba isiguswe, tukaiacha ifanye kazi za kawaida. Ikaganda siku ya pili, na siku hiyo umeme haukuyumba hata kidogo. Ikabaki kumbukumbu.

Iko programu ya bure iitwayo MemTest86+. Huwekwa katika flashi, na kompyuta huwashwa kutoka katika flashi hiyo bila Windows. Kazi yake ni kuandika hesabu katika kila sehemu ya kumbukumbu na kuzisoma tena, kuona kama zimerudi kama zilivyokwenda. Kosa hata moja ni kosa, maana kumbukumbu yenye afya hurudisha yote. Mwalimu alituombea ruhusa kwa Mkuu wa Shule ili kompyuta ikeshe ikiwaka, na mimi nikapewa daftari.

Usiku wa kwanza tuliiacha kama nilivyoipanga mimi, XMP ikiwa imewashwa, mwendo 3200. Kabla ya dakika ishirini kioo kilikuwa na mistari ya makosa. Usiku wa pili tulizima XMP tu, hatukugusa kingine. Ilikwenda mizunguko minne mpaka asubuhi bila kosa. Usiku wa tatu tulipanga kwa mkono mwendo wa 2666, hapana kosa. Usiku wa nne 2933. Yakatokea makosa mawili karibu na alfajiri. Basi tukarudi 2666, na mpaka leo ndipo ilipo. Tangu siku hiyo haijaganda.

Yaangalieni yale makosa mawili ya alfajiri. Mtu angaliijaribu saa moja tu, angalisema 2933 ni salama. Kompyuta iliyowaka haijathibitika, na kompyuta iliyokwenda saa moja haijathibitika. Ipe usiku mzima.

Prosesa, umeme na joto

Wengine watasema hayo ni mambo ya wanafunzi wenye vijiti vya kuokoteza. Sivyo. Mwaka 2024 kampuni ya Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kompyuta za mezani, za kizazi cha 13 na cha 14, zilikuwa zikikosa utulivu. Watu walikuwa wakiona programu zao zikianguka bila sababu. Uchunguzi ulionyesha kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipata volti zilizo kubwa kupita kiasi, na kwa muda sehemu zake za ndani zikadhoofika. Dawa ilitolewa kwa njia ya BIOS mpya katika miezi ya Agosti na Septemba 2024, na kampuni ikaongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Lakini prosesa iliyokwisha kudhoofika haikuweza kuponywa na BIOS mpya, ilipaswa kubadilishwa.

Katika habari hiyo liko jambo linalotuhusu sisi waundaji. Ilionekana kwamba mbao mama nyingi zilitoka kiwandani zikiruhusu prosesa kula umeme zaidi ya kiasi alichoshauri mwenye prosesa, kwa kuwa kila mwenye ubao alitaka wake uonekane una mbio kuliko wa jirani. Intel ikahimiza watu watumie mipangilio yake ya kawaida. Kumbe hata viwanda vikubwa hushikwa na ugonjwa ule ule ulionishika mimi. Basi mkiunda kompyuta ya kazi, angalieni katika BIOS kama mipaka ya umeme wa prosesa ni ile ya mwenye prosesa, na msiongeze volti kwa mkono. Volti ni kama chumvi: kuiongeza ni rahisi, kuiondoa katika chakula kilichokwisha haribika haiwezekani.

Joto nalo lina sehemu yake. Prosesa nyingi za leo hujipunguzia mwendo zikikaribia nyuzi 95 au 100 za sentigredi, na joto likizidi kompyuta hujizima ili isiungue. Hapa kwetu pwani chumba chenyewe huwa kimekwisha kuwa moto saa sita mchana. Katika BIOS mna mahali pa kupanga feni zizunguke kiasi gani kwa kila kiasi cha joto. Zipangeni zianze mapema na kupanda taratibu, badala ya kungoja mpaka mambo yaharibike. Feni yenye kelele kidogo si adui wa mtu. Na vumbi lifutwe kila muhula, kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

Kuna pia mstari unaoiambia kompyuta ifanye nini umeme ukikatika na kurudi: iwake yenyewe, au ibaki imezimwa. Sisi tumechagua ibaki imezimwa. Umeme unaporudi mara nyingi hurudi ukiyumba, hupanda na kushuka, pengine hukatika tena. Afadhali mtu aje aiwashe kwa mkono umeme ukiisha kutulia.

BIOS mpya, na njia ya kurudi

Viwanda hutoa BIOS mpya mara kwa mara, ama kwa kuponya makosa kama yale ya mwaka 2024, ama kwa kutambua prosesa mpya. Je, yafaa kuiweka kila itokapo? Kwa maoni yangu, iweke ikiwa ina dawa ya ugonjwa ulio nao au ya hatari ya usalama. Soma jina la ubao wako mpaka herufi ya mwisho, maana BIOS ya ubao mwingine yaweza kuua wako. Ichukue katika ukurasa wa kiwanda chenyewe, si kwa mtu wa kati. Kisha unganisha UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mwenyeji amekufa kabla mrithi wake hajakaa, na ubao waweza kubaki kama kipande cha bati. Baadhi ya mbao zina njia ya uokozi, lakini si zote.

Na ikiwa umepanga vibaya mpaka kioo kimekuwa giza, usilie. Zima, chomoa waya wa umeme, utafute katika kitabu cha ubao zile pini mbili za kufuta mipangilio, au toa ile betri kwa dakika chache kisha uirudishe. Kwa kawaida ubao huamka tena ukiwa kama ulivyotoka kiwandani. Jihadhari tu ujue kwamba mipangilio yako yote imefutika, kama inavyofutika mara nyingi baada ya kuweka BIOS mpya. Hapo ndipo utakapojua thamani ya daftari.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa kando ya kompyuta yetu limefungwa daftari kwa kamba. Lina safu tano: tarehe, kilichobadilishwa, kilikuwaje, kimekuwaje, na jina la aliyebadilisha. Baada ya jina lazima iandikwe imejaribiwa kwa muda gani. Hapana mtu, hata Mwalimu mwenyewe, anayegusa BIOS bila kuandika. Mstari wa kwanza wa daftari hilo niliuandika mimi, na ndani yake nimetaja kosa langu kwa tarehe yake.

Nilimwomba radhi yule mdogo wetu mbele ya Kidato cha Pili chote, na Mwalimu wa Taaluma akaondoa katazo siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa kazi ya kuingiza upya alama zilizobaki, jioni nne, nikisimamiwa. Alikuja kukaa nami jioni ya pili bila kuitwa, akanisomea alama nami nikachapa, tukamaliza mapema. Leo yeye ndiye mtunza daftari, na nawaambieni ni mkali. Juzi nilitaka kubadili mwendo wa feni moja tu, akaniuliza, "Kaka, umeandika?"

Ndugu wasomaji, kompyuta haikosi utulivu kwa uchawi wala kwa bahati mbaya. Mara nyingi iko tarakimu moja mahali fulani iliyobadilishwa na mtu, na mtu huyo yupo. Wazazi waliotoa fedha zao hawakutuomba kompyuta yenye mbio kuliko zote. Walituomba ile ambayo alama ya mtoto wao ikiingia 71, itatoka 71. Mwaka huu tunaondoka, na ufunguo wa chumba kile tunawaachia wadogo zetu. Tunawaachia pia mwendo wa 2666. Atakayetaka kuupandisha na aupandishe, ila aanze kwa kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Kompyuta